Mjomba, Wewe ni Mapazia Mangapi?

Tarehe 6 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umepona yale mafua tuliyoyasikia kwenye simu. Sisi hatujambo. Bibi ameng'oka jino la mbele, na sasa kila mgeni anaonyeshwa pengo kwanza, halafu picha yako. Mama amepata kazi ya hoteli ile ndogo iliyo jirani na stendi. Wanataka mapazia ya vyumba vyote, kwa hiyo chumba cha mbele kimejaa vitambaa vya rangi ya maziwa na hatuna pa kukanyaga. Anashona mpaka mguu unamfa ganzi kwenye pedali.

Ninakuandikia badala ya kungoja simu ya Jumapili kwa sababu unaijua simu yetu. Mama huiweka sauti kubwa ili Bibi asikie, na Bibi akisikia, mtaa mzima umesikia.

Mjomba, nimekubaliwa. Ni chuo kilekile ulichosoma wewe, na kozi ileile ya usanifu majengo. Wamesema watanipa msaada wa nusu ya ada kwa miaka yote minne. Nusu iliyobaki ni yetu. Kijarida cha chuo kimekuja pamoja na majibu. Upo ukurasa wa tano, na ile kofia ngumu ya njano, umeshika mchoro uliokunjwa. Ndiyo picha ambayo Bibi ameining'iniza ukutani, ila ya kwetu imepauka kwa jua.

Sasa nina ombi. Mwalimu wetu wa hesabu amewaambia wote wanaotaka kwenda chuo wawatafute watu waliosoma kozi hizo, wawaulize wanalipwa kiasi gani. Alisema, "Kijarida ni maneno ya muuzaji. Nenda kamuulize aliyekwisha kununua." Kati ya watu ninaowajua, aliyenunua ni wewe peke yako. Naomba uniambie, Mjomba, unalipwa kiasi gani kwa mwezi? Sitamwambia mtu. Tunatakiwa kukijibu chuo kabla ya mwisho wa Aprili.

Kama nimekosea kuuliza, nisamehe. Kuuliza si ujinga.

Mpwa wako,
Rula


Tarehe 28 Januari

Rula,

Marahaba. Mafua yamekwisha. Mwambie Bibi asimeze mapengo yake, atayahitaji mbinguni. Dawa zake nitazitumia fedha mwisho wa mwezi kama kawaida.

Mimi niko salama. Ofisi yetu ipo ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate, kwa hiyo tangu asubuhi tunachora tukiwa na njaa. Chumba ninacholala kina dirisha moja linalotazama machweo, na jua la jioni linaingia kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Nimebandika michoro miwili ya zamani kwenye kioo. Kwa hiyo kila nikilala, natazama ramani ya vyoo vya shule fulani. Usicheke.

Hongera kwa kukubaliwa. Nilijua tangu ulipokuwa unazunguka na rula ya mbao unapima kitanda cha Bibi, na Bibi yumo ndani yake.

Ama kuhusu swali lako, limeniudhi. Nilisoma mara ya kwanza nikadhani sikuelewa. Wewe ni mtoto uliyelelewa. Mshahara wa mtu mzima hauulizwi. Baba yangu, yaani babu yako, alifanya kazi mpaka anakufa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua analipwa nini. Tulijua tu kwamba tunakula. Huyo mwalimu wenu wa hesabu angeanza kwa kuwatajia wa kwake, tuone.

Elimu haina bei. Mtu hasomi ili ahesabu sarafu, anasoma ili awe mtu. Soma. Hilo ndilo jibu langu, na sitalirudia.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako


Tarehe 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Bibi amecheka sana ujumbe wa mapengo, akasema akifika mbinguni ataanza kwa kukushtaki. Hoteli imelipa nusu. Nusu nyingine wanasema mapazia ni mafupi kwa vidole viwili. Mama alikwenda na futi yake, akapima mbele ya meneja dirisha kwa dirisha, na meneja akanyamaza. Bado hajalipa, lakini amenyamaza.

Ninaomba radhi kwa kukuudhi. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu, na kila mara naona ni kweli nusu. Nasikitika kwamba umeudhika. Sisikitiki kwamba niliuliza.

Unasema elimu haina bei. Mjomba, ina bei, imeandikwa ukurasa wa mwisho wa kijarida. Unajua nyumbani kwetu kila kitu kikubwa huhesabiwa kwa mapazia, kwa ile fedha anayobaki nayo Mama baada ya kutoa kitambaa na uzi. Friji lilikuwa mapazia arobaini. Jeneza la Babu lilikuwa hamsini na tano. Basi nimekaa na Mama tukaipiga hesabu ya chuo. Ada ya mwaka mmoja ni mapazia mia nne. Msaada wao ni mia mbili, na Mama alipiga makofi. Lakini nilisoma maandishi madogo chini, nikamwonyesha: katika hizo mia mbili, mia moja ndiyo ruzuku. Mia nyingine ni mkopo. Wameuita msaada, na utakatwa kwenye mshahara wangu nikianza kazi. Kwa hiyo nitahitimu nikiwa na deni la mapazia mia nne kabla sijanunua hata viatu vya kazini.

Na ile sehemu yetu ni mia mbili kila mwaka, yaani mia nane. Mama anashona thelathini na tano kwa mwezi, na yote tunayala.

Sasa nikwambie zinatoka wapi, maana najua Mama hajakwambia. Zinatoka kwenye chumba cha mbele. Kuna muuza simu anataka kukipanga miaka minne na kulipa yote mara moja. Anatoa mia saba, na mia iliyobaki Mama anasema ataishona usiku. Mama atahamishia cherehani chumbani kwetu, kati ya kitanda cha Bibi na ukuta, ambako hakuna dirisha. Jana muuza simu alikuja kupima. Akamwambia Mama, "Elimu ni ufunguo wa maisha, mama." Mama akamjibu, "Naona. Na wewe umefuata mlango." Tulicheka, lakini alipoondoka Mama alikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu, akitazama dirisha.

Wateja wa mapazia hawaji uani, Mjomba. Wakiona kitambaa kimening'inia dirishani kwa mbele ndipo wanaingia. Kwa hiyo nataka kujua kitu anachokinunua Mama kwa kukitoa chumba hicho. Kijarida kinasema mhitimu wa usanifu anapata mapazia tisini kwa mwezi. Kama ni kweli, nitamrudishia Mama chumba chake kabla nywele zake hazijawa nyeupe zote. Kama si kweli, nani mwingine ataniambia?

Usinitajie fedha, kama ndiko kukuvunjia heshima. Nitajie mapazia tu. Mjomba, wewe ni mapazia mangapi?

Rula


Tarehe 2 Machi

Rula,

Fedha za dawa nimetuma. Bibi asinywe dawa na chai, daktari alikwisha kusema.

Jumapili iliyopita mama yako aliniuliza kwenye simu, "Asome, asisome?" Nikamwambia asome. Ulikuwepo, ulisikia. Dada yangu ameridhika, Bibi ameridhika, hata huyo muuza simu nilimsikia akishangilia nyuma, sijui alialikwa na nani. Umebaki wewe. Watoto wa siku hizi mnataka kuonja mchuzi kabla hamjawasha moto.

Uliniambia nisikutajie fedha, nikutajie mapazia. Unadhani huo ni ujanja. Mimi nimekula mapazia hayo tangu una miaka minane. Najua pazia lina pindo ngapi. Usinifundishe kuhesabu kwa kitu kilichonisomesha.

Kazini tuna mradi mkubwa, sina muda wa barua ndefu. Na barua kama ile ya mwisho usiniandikie tena. Ukiendelea hivi nitamwambia mama yako namna unavyozungumza na wakubwa.

Mjomba wako, msanifu majengo


Tarehe 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Bibi anakunywa dawa na maji. Mama mzima.

Salamu zimeisha. Sasa nitasema, na ukitaka kumwambia Mama, mwambie, barua hii ninayo nakala yake.

Nimekasirika, Mjomba. Nimekasirika tangu Jumapili ile. Ulimwambia Mama neno moja, "asome", na Mama alivyokata simu alikwenda moja kwa moja kwa muuza simu. Hakuuliza kitu kingine. Neno lako nyumbani kwetu ni kama muhuri. Mimi nimekuuliza mara mbili, kwa adabu zote nilizofundishwa, nikakosa jibu. Mama ameuliza mara moja akajibiwa, lakini alichojibiwa si jibu, ni shangwe. Kwa nini unaweza kumwambia atoe chumba chake na huwezi kuniambia anapata nini?

Unasema mshahara hauulizwi. Nani aliweka sheria hiyo? Nadhani iliwekwa na wanaolipa kidogo. Mama bei yake imebandikwa mlangoni, kila mpita njia anaisoma, na hajawahi kuvunjiwa heshima. Muuza mikate chini ya ofisi yenu naye anataja bei yake. Aliyesoma tu ndiye asiye na bei!

Kuna jambo jingine. Ulitia saini "msanifu majengo". Hukuwahi kutia saini hivyo. Ilikuwa kama unajikumbusha.

Nilikwenda kwenye kijarida nikakitazama tena, ukurasa wa nne hadi wa nane, picha za wahitimu watano. Upo wewe, yupo dada mmoja wa ujenzi wa barabara, wapo wengine watatu. Wote mna kofia ngumu ya njano. Nilichukua rula. Kofia ya kila mmoja wenu imemeguka ukingoni, upande wa kushoto, palepale, kwa umbo lilelile la kucha. Mjomba, hiyo ni kofia moja. Imetembea vichwa vitano. Sasa kama hata kofia haikuwa yenu, yale mapazia tisini yaliyoandikwa chini ya picha ni ya nani?

Bibi anaifuta vumbi picha hiyo kila asubuhi kwa upindo wa kanga yake.

Mwezi ujao katikati, muuza simu analeta arubuni. Usiponijibu kabla ya hapo, nitakuuliza Jumapili kwenye simu, kwa sauti kubwa, Bibi akiwa amekaa. Nisingependa. Lakini nitafanya.

Rula


Tarehe 7 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Jumapili nne hupokei simu. Fedha za dawa zimefika bila neno. Mama anasema ni mradi wako mkubwa. Bibi anakaa na simu mapajani, na ikiisha kuita anasema, "Labda yuko juu ya jengo, huko juu hamna mtandao." Halafu anaomba tupige tena.

Sijauliza, kama ndicho unachokiogopa. Jumapili ya kwanza nilikuwa nimekwisha kusogea karibu na simu na maneno tayari mdomoni. Nikamwona Bibi ametengeneza kitambaa chake kichwani kana kwamba utamwona. Nikatoka nje. Simu ikaita mpaka ikakatika, na nikashukuru, kisha nikakasirika kwa kushukuru.

Muuza simu ameshaleta arubuni. Hakungoja tarehe yake. Amekwisha kuleta na kibao chake, kimeegemezwa ukutani chini ya picha yako. Mama ameanza kukunja vitambaa.

Sina cha kukuuliza tena. Swali unalo.

Rula


Tarehe 16 Aprili

Ishirini na nne.

Sina salamu leo. Ishirini na nne kwa mwezi, mwaka wa sita tangu nihitimu. Katika hizo wanakata tano za mkopo kabla sijaziona. Saba ni chumba. Tatu ni dawa za Bibi. Tisa zilizobaki ndizo mimi. Umefurahi?

Nimekaa na barua yako ya kofia mwezi mzima ndani ya droo ya kazini. Nilitaka kuja huko nikuchape. Mara nyingine nilitaka kuja nikuombe kijarida nikichane. Kofia ni ya fundi umeme wa chuo. Tulipanga foleni, kila mmoja akiivaa ikiwa na jasho la mwenzake. Nilikuwa nadaiwa ada ya muhula wa mwisho. Mwenye kamera akasema wanaokubali kupiga picha watafikiriwa. Nilifikiriwa. Mchoro nilioshika ni karatasi tupu, kama ulidhani ni mchoro. Hakuna aliyeniuliza nitalipwa nini, ningewajibu nini, sikuwa na kazi bado.

Sasa sikiliza, maana umelitaka mwenyewe. Tisini ni kweli. Ni ya msanifu mwenye muhuri. Chuo hakikupi muhuri, kinakupa cheti. Mwenye cheti anachora, mwenye muhuri anagonga, na fedha inakwenda kwa anayegonga. Ili uupate unatakiwa kufanya kazi miaka miwili chini ya mwenye muhuri, athibitishe, kisha mtihani, kisha ada ya usajili, ambayo kwa hesabu za kwenu ni mapazia mia moja na hamsini. Bosi wangu ananiita "kijana wetu". Nimechora jengo la ghorofa sita, limesimama, watu wanakaa. Kila mwaka namwomba athibitishe, kila mwaka ananiambia, "Una haraka gani, kijana wetu?" Kwa nini athibitishe? Nikipata muhuri ninaondoka, na atalazimika kuchora mwenyewe, na alikwisha kusahau.

Hayo hayapo ukurasa wa tano.

Unauliza kwa nini nilimwambia dada yangu "asome". Wewe una akili lakini bado ni mtoto. Aliniuliza Bibi akiwa ameketi. Aliniuliza kwa ile sauti ya kuomba niseme ndiyo. Mama yako aliacha shule darasa la tano kwa sababu fedha ilikuwa ya mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa wa kiume. Amenishonea miaka minne. Macho yake yameharibika kwenye uzi wangu. Leo anashona thelathini na tano, mimi niliyesomeshwa ninapata ishirini na nne. Ulitaka nimwambie hivyo kwenye simu? "Dada, ungebaki na fedha zako"? Kuna mtu anaweza kulisema hilo kwa aliyemsomesha?

Nikaona bora wewe uitwe mtovu wa adabu kuliko mimi niseme hilo.

Lakini chumba kile nacho kina dirisha, na nimekumbuka jinsi anavyokaa hapo asubuhi kutunga uzi. Barua hii msomee. Bibi asiwepo. Mimi siwezi.


Tarehe 3 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na pole. Nakutangulizia pole kabla ya habari kwa sababu ndiyo habari kubwa kuliko zote.

Barua yako ilifika siku ambayo muuza simu alikuwa aingize makabati. Bibi alikuwa kliniki na jirani. Mama alikuwa anamalizia pindo la mwisho la hoteli (wamelipa, meneja alileta mwenyewe). Nikamsomea. Nilipotaja ishirini na nne, mashine ilisimama. Nilipofika kwenye macho yake na uzi wako, akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Kisha nikamalizia.

Hakulia. Aling'oa uzi uliokuwa kwenye sindano, akautunga upya ingawa haukuwa umekatika. Akasema, "Huyu alikuwa anajua hesabu tangu mdogo. Sasa kosa kama hili amelifanyaje?" Nikamuuliza kosa gani. Akasema, "Amejiweka upande wa deni. Nani alimwambia nilimkopesha?"

Halafu akaamka, akachukua arubuni ya muuza simu kwenye kopo la vifungo, akatoka nayo barabarani. Nilimsikia muuza simu: "Mama, unamnyima mtoto elimu!" Na Mama: "Elimu ataipata. Mlango huu ndio umeukosa wewe." Alikuja kuchukua kibao chake amenuna kama mtu aliyeibiwa.

Chuo nimewajibu kwamba siji mwaka huu. Kabla ya kuwajibu niliwaandikia, pamoja na mwalimu wa hesabu, tukawauliza swali moja: katika wahitimu wenu wa usanifu, wangapi wana muhuri? Hawajajibu mpaka leo. Nimekasirika nao, Mjomba, kuliko nilivyokukasirikia wewe, na hasira hiyo sitaki iishe haraka. Mwalimu ametutengea pembe ya ubao. Ameandika: "Msanifu, cheti bila muhuri, mwaka wa sita: mapazia 24." Jina lako halipo, wala uhusiano wetu. Kwanza wenzangu walicheka neno mapazia. Kisha mmoja akaenda kumuuliza shangazi yake muuguzi, mwingine kaka yake mhasibu. Wote walifokewa kwanza. Sasa ubao una mistari sita, na jana mwalimu aliongeza wa kwake.

Mimi nimechukua chuo cha ufundi, kozi ya fundi sanifu wa ujenzi, miaka miwili. Ruzuku ni yote, mkopo hamna. Nilisoma maandishi madogo mara mbili, kisha nikampa Mama asome kwa sauti. Dada mmoja aliyesoma hapo anasimamia ujenzi wa soko jipya. Nilimfuata kazini nikamuuliza swali lilelile. Alifuta saruji mikononi akasema, "Thelathini, mwezi wa kwanza. Ulidhani nitakuficha?" Na kofia yake, Mjomba, ina jina lake kwa wino.

Sijauacha usanifu. Nililia siku mbili kwa ajili yake, na bado nikipita kwenye jengo zuri naona kama limenigeuzia mgongo. Lakini yule dada anasema kutoka hapo mtu anaweza kuingia chuo kikuu mwaka wa pili, akiwa na fedha yake mwenyewe mfukoni. Nitakapofika huko nataka kufanya kazi chini ya mwenye muhuri ambaye hataniambia "una haraka gani". Ningependa awe wewe. Tafuta ofisi nyingine, Mjomba. Wewe ndiye uliyesimamisha ghorofa sita. Hilo nalisema kwa hasira, ulisome kwa hasira.

Bibi hajui lolote, ila ameuliza kwa nini picha ya ukutani imepauka. Mama akamwambia aitafutie mahali pasipo na jua. Jumapili pokea simu. Hutaulizwa kitu. Bibi ana habari za jino jingine.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ni pazia la dirisha lako. Kipimo nilikikadiria kutoka kwenye maneno yako, upana wa michoro miwili iliyobandikwa pamoja, na nimeongeza vidole viwili ili meneja wa hoteli asipate la kusema. Mama amelishona usiku mmoja, kitambaa kizito, jua la jioni halitapita. Vyoo vya shule vitoe kwenye kioo.

Nilipotaka kuliandika kwenye hesabu za mwezi, Mama alinishika mkono. Akasema nikwambie hivi, nikuandikie kama alivyosema:

"Hili silihesabu. Na yale mengine pia sikuyahesabu."

Rula